Kiswahili Kilichoingia Hollywood kwa Njia ya Kamusi

Mwishoni mwa Desemba 2024 nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kutazama filamu ya Mufasa katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Dar es Salaam. Ukumbi ulijaa watoto waliokuwa likizo, na kwa dakika za mwanzo walitulia tuli, macho kwenye skrini, bisi mikononi. Kisha likatajwa jina la mwanasimba wa kifalme: Taka. Kicheko kilianzia safu za mbele, kikarudi nyuma safu kwa safu hadi kikatufikia, na mpwa wangu akaniinamia sikioni akaniuliza kwa kunong'ona, "Mjomba, kwani mama yake hampendi?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu katika filamu yenyewe mama huyo, Eshe, anampenda mwanawe sana, na hadithi nzima inategemea mtazamaji amwone Taka kwanza kama mtoto aliyelelewa kwa mapenzi kabla wivu haujamgeuza kuwa Scar, yule adui wa The Lion King tunayemfahamu. Mtazamaji wa Chicago anaifuata safari hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji wa Tandika au Mombasa anakatishwa njiani, kwani masikioni mwake mtoto wa mfalme amepewa jina la uchafu unaozolewa mitaani. Wapo wanaojitetea kwamba taka pia ni mzizi wa kitenzi cha kutaka. Ni kweli, lakini mzazi hampi mwanawe mzizi wa kitenzi; neno hilo likisimama peke yake kama jina, kila mtoto aliyekuwa ukumbini siku ile anajua linamaanisha nini. Mtu mmoja anayezungumza Kiswahili, akiwa amekaa tu kwenye chumba walichokuwa wakiandika, angelisema jambo hilo kwa nusu dakika.

Kila filamu kubwa inapotangaza waigizaji wake, mjadala huwa juu ya nyuso. Tuliuona tangu mwaka 2019, Halle Bailey alipotangazwa kuwa nguva Ariel, hadi filamu hiyo ilipotoka mwaka 2023: watu walibishana miaka mizima kuhusu rangi ya ngozi yake. Siudharau mjadala huo, maana mtoto anayejiona kwenye skrini hupata kitu ambacho hotuba haiwezi kumpa. Lakini kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na ninachokipigania mimi ni kinywa: nani anapewa sauti, anazungumza lugha gani, na lugha hiyo imefikaje pale. Kadiri ninavyozisikiliza filamu hizi ndivyo ninavyoamini kwamba lugha huingia ndani yake kwa njia mbili. Ama huletwa na mtu aliyezaliwa nayo na akapewa nafasi kazini, ama hutolewa kwenye kamusi na mtu ambaye hajawahi kuitumia kuomba maji. Kiswahili, lugha ya Kiafrika ambayo Hollywood imeichotea majina zaidi ya nyingine ninazozijua, kimeingia kwa njia ya kamusi karibu kila mara.

Nianze na The Lion King ya mwaka 1994, filamu ninayoipenda kwa dhati na ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Majina yake mengi ni ya kwetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa amepewa kitenzi kinachomfaa kabisa. Jina la malkia, Sarabi, ni zuri mno, kwa kuwa sarabi ni yale mazigazi yanayoonekana kama maji mbele ya msafiri jangwani, na aliyelichagua alikuwa na sikio. Watengenezaji walisafiri hadi Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, wakayatazama majabali na nyasi na mwanga wa jioni, na yote hayo yanaonekana katika michoro yao. Waliporudi studio kutafuta sauti, hata hivyo, safari ile ya Kenya ilikuwa imekwisha. Mufasa alipewa James Earl Jones na Sarabi akapewa Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika, ambao miaka sita kabla walikuwa wamecheza mfalme na malkia wa nchi ya kubuni ya Zamunda katika Coming to America. Simba mkubwa alikuwa Matthew Broderick. Rafiki alikuwa Robert Guillaume, Mmarekani. Ni waigizaji hodari wote, na sauti ya Jones naiheshimu kama naiheshimu radi. Ninachosema ni kwamba nchi yetu ilichorwa jiwe kwa jiwe, na hakuna sauti ya mtu wa nchi hiyo iliyopewa nafasi ya kubeba hadithi yake.

Matokeo yake yanasikika wazi pale Rafiki anapocheza karibu na Simba usiku, akimtania ili amtoe katika huzuni. Huyu ndiye mzee wa hekima, mganga na mlinzi wa kumbukumbu ya ukoo, na sentensi ya Kiswahili anayopewa kuimba ni hii: "wewe nugu, mimi hapana". Najua wimbo ule ni wa utani, na utani una ruhusa ya kuvunja sarufi. Lakini sikiliza vizuri namna ilivyovunjwa. Mswahili akitania angesema "wewe nyani, mimi siye", au angetafuta kina kingine kizuri zaidi. "Mimi hapana" ni Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi wa Kenya waliotoa amri kwa wapishi na watunza bustani bila kuona haja ya kujifunza viambishi, waliosema "mimi hapana jua" pale ambapo mtoto mdogo wa Kiafrika alisema "sijui". Mzee mwenye hekima kuliko wote katika ufalme ule amewekewa kinywani Kiswahili cha bwana shamba. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo, na hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu kosa la makusudi lina mtu wa kulaumiwa na mtu wa kulirekebisha.

Kisha kuna fisi aitwaye Shenzi. Neno mshenzi lina historia nzito katika pwani yetu. Lilitumika kuwatenga watu wa bara, wasio Waislamu, wasiohesabiwa kuwa wastaarabu. Likabebwa na misafara ya biashara, na baadaye likakaa vizuri midomoni mwa wakoloni, ambao walilipenda kwa kuwa waliwakuta wenyeji wakilitumia wao kwa wao. Ni miongoni mwa maneno ambayo bado yanaweza kuanzisha ugomvi wa kweli ukimtupia mtu sokoni. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, Jon Favreau akiwa mwongozaji, waliongeza waigizaji wenye asili ya Afrika, na nililifurahia hilo. Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye wazazi wa Kinigeria, alikuwa Scar. John Kani wa Afrika Kusini alikuwa Rafiki. Katika kundi hilo la sauti kuu alikuwamo mtu mmoja aliyezaliwa Afrika Mashariki, Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, na nafasi aliyopewa ni ya Shenzi. Aliicheza kwa nguvu ya kutisha, na pengine ndiye bora kuliko wote katika filamu ile. Ila mimi, nikiwa nimekaa gizani, nilijiuliza kama kuna yeyote pale studio aliyewahi kumtafsiria mwenzake jina lile.

Tazama sasa njia ya pili, ile ya mtu. Wimbo unaofungua The Lion King, ule wito wa alfajiri unaosisimua hadi leo, ni wa Kizulu. Umekuwa wa Kizulu kwa sababu Lebo M, mwana wa Soweto aliyekuwa ameishi uhamishoni Marekani, alikuwapo studio wakati muziki unatungwa, akafungua kinywa chake. Hakuna aliyefanya utafiti kuamua kwamba mbuga inayofanana na ya Kenya iamshwe kwa Kizulu. Mtu alikuwapo na lugha yake ikawapo.

Mwaka 2016 jambo hilohilo lilitokea tena. John Kani alicheza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War, na ndiye aliyependekeza kwamba baba na mwana wazungumze isiXhosa, lugha yake ya kuzaliwa. Chadwick Boseman, aliyemcheza mwana huyo, T'Challa, akajifunza maneno yake, na Ryan Coogler alipoongoza Black Panther, iliyotoka mwaka 2018, pendekezo la mzee mmoja likawa lugha ya taifa zima la kubuni, Wakanda. Mwanawe Kani, Atandwa, akacheza T'Chaka kijana. Boseman naye alieleza baadaye kwamba alikataa katakata T'Challa azungumze kwa lafudhi ya Ulaya, kwa hoja kwamba mfalme wa nchi ambayo haijawahi kutawaliwa hana sababu ya kuazima lafudhi ya mtawala. Katika maamuzi yote ya kisanii ya filamu kubwa za miaka hii, huu ndio ninaouheshimu kuliko yote, kwa sababu ulikuwa na hatari ndani yake. Mtazamaji wa Marekani angeweza kuichoka lafudhi hiyo au kuicheka. Hakuicheka.

Hata hivyo, kuna jambo katika filamu hiyo ambalo haliniachi. Wakanda kwa kawaida huwekwa upande wa Afrika Mashariki. Nakia, jasusi wake, alichezwa na Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya na anayezungumza Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania. Kwa nafasi hiyo alijifunza isiXhosa, na katika tukio la Busan anazungumza Kikorea. Jasusi wa Afrika Mashariki, akichezwa na mwanamke wa Afrika Mashariki, anapita nchi baada ya nchi, na lugha ambayo ingemfaa kuliko zote katika kazi hiyo, lugha inayoeleweka kutoka Lamu hadi Kisangani, inabaki ndani ya kinywa chake. Simlaumu Lupita wala Kani. Nasema tu kwamba mara hii tulikuwa na mtu na bado lugha haikuingia, kwa hiyo mtu peke yake hatoshi. Lazima pia awe na nafasi ya kusema, kama Kani alivyokuwa nayo kwa umri wake na heshima yake, na wenzake wawe tayari kumsikiliza.

Tumewahi kubahatika. Mwaka 1966 katika Star Trek alitokea ofisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno uhuru, akichezwa na Nichelle Nichols. Katika sehemu moja ya mwaka 1967 kumbukumbu yake inafutwa, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anachoka, lugha yake ya kwanza inamtoka, nayo ni Kiswahili. Nichols hakuwa Mswahili na matamshi yake yanaonyesha hivyo, lakini mwandishi aliyebuni tukio lile alielewa kitu kikubwa: kwamba mtu akichanganyikiwa hurudi nyumbani kwa ulimi. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemwambia abaki. Mwingine ni Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili ili amcheze Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa Uganda kwenyewe. Ukimsikiliza utagundua kwamba hakukitafuta Kiswahili ili kupamba. Alikitafuta kwa sababu Amin alikuwa askari, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007, na naamini sehemu ya tuzo hiyo ilitoka masikioni mwake.

Nimewahi kuambiwa, mara nyingine na wanafunzi wangu wenyewe, kwamba nadai makubwa mno: hizi ni filamu za Wamarekani, zimetengenezwa kwa fedha zao kwa ajili ya watoto wao, nasi tushukuru kwamba tumekumbukwa. Siikubali hoja hiyo. Aliyechukua jina amechukua na maana yake, na hatuombi hisani tunapomwambia atamke sawasawa. Isitoshe, Disney, kampuni iliyotengeneza The Lion King, ilionyesha mwaka 2016 kwamba inajua kufanya vizuri ikiamua. Katika Queen of Katwe, Mira Nair, ambaye ameishi Kampala miaka mingi, alimchukua Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana katika darasa la dansi, akampa nafasi kuu, na filamu nzima ikazungumza Kiingereza cha Waganda bila kuona haya.

Ninachokidai mimi ni hadithi yenyewe kuwa bora, na hapa naomba nikae kidogo. Katika filamu ya mwaka 1994 Simba anamwita Scar kwa neno la Kiingereza linalomfaa kaka wa baba, kaka wa mama, na hata mume wa shangazi. Ni neno la baridi. Katika Kiswahili Scar si mjomba. Ni mdogo wake Mufasa, kwa hiyo ni baba mdogo wa Simba. Fikiria maana yake. Mtoto anamkimbilia muuaji wa baba yake na anamwita baba. Anapodanganywa aende kule bondeni asubiri, anamtii kwa sababu kwetu baba mdogo hutiiwa kama baba, na Mufasa akifa, ndiye kwa desturi anayestahili kumchukua yule yatima na kumlea. Scar havunji undugu pekee. Anavunja ubaba wenyewe, ile ahadi kwamba mtoto wa Kiafrika akifiwa na baba hubaki na baba wengine. Uchungu huo wote umo ndani ya maneno mawili ya kawaida ambayo kila mtoto wa Kiswahili anayajua, na watengenezaji waliokuja hadi Naivasha kutafuta rangi ya mawe hawakujua kwamba yapo.

Fikiria pia Simba anapokutana na Rafiki kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa. Kijana aliyekimbia kwao, aliyekaa miaka bila kuonana na mzee yeyote wa ukoo, anamwona mzee. Kwa Kiswahili neno la kwanza kutoka kinywani mwake lingekuwa shikamoo, na kama asingelisema, ukimya huo peke yake ungetuambia jinsi alivyopotea. Kisha mwishoni, anaporudi kuutwaa ufalme, anamsalimu Rafiki, na mzee anaitikia marahaba. Mkufunzi yeyote wa uandishi wa filamu angetoa fedha nyingi kupata salamu inayoweza kufanya kazi kubwa namna hiyo. Sisi tunaitumia kila asubuhi kituo cha daladala.

Hadi leo sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa sinema nikamsikia Simba akizungumza Kiswahili. The Lion King iliingizwa sauti za Kizulu mwaka uleule wa 1994. Moana ilipata toleo la Kimaori mwaka 2017, na Frozen ya pili ilipata toleo la Kisami cha kaskazini mwaka 2019, lugha ya watu wachache kuliko wakazi wa kata kadhaa za Dar es Salaam. Nafurahi kwa ajili ya watoto wa Kimaori na wa Kisami, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu najua wazee wao walisimama wakadai. Kwa upande wetu, kinachotambulika duniani kama Kiswahili cha filamu ni hakuna matata, msemo ambao mitaani kwetu huusikii isipokuwa unapoelekezwa kwa mtalii. Sisi husema hamna shida, au hakuna tabu, na tukishasema tunaendelea na safari.

Wala isisemwe kwamba hakuna soko wala kipaji. Watu wa Dar es Salaam wa umri wangu wanamkumbuka Lufufu, ambaye sauti yake tuliisikia kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja juu ya meza, pazia zito mlangoni kuzuia mwanga, jasho, na juu ya sauti za Kiingereza au Kichina za kwenye kanda, sauti ya mwanamume mmoja akituambia nani ni nani, kwa nini anakimbia, na ni kitu gani kitampata akifika kule. Alikuwa shujaa, adui, mama na msimuliaji kwa wakati mmoja. Kenya wana DJ Afro, ambaye amejaza vibanda kwa njia hiyohiyo. Hawa walikuwa wanatatua, kwa kipaza sauti na kanda ya video, tatizo ambalo studio kubwa za dunia hazijawahi kulikubali kuwa ni tatizo: mtazamaji wetu hataki maneno ya Kiswahili yaliyomwagwa juu ya hadithi kama chumvi, anataka hadithi imjie katika lugha yake, ikiwa na salamu zake, ukoo wake na hasira zake.

Jumapili iliyofuata baada ya kutoka kumtazama Mufasa, mpwa wangu alikuja nyumbani akataka tuigize filamu ile ya zamani, lakini kwa Kiswahili tupu. Aligawa nafasi mwenyewe. Yeye ni Simba, mdogo wake wa kiume ni Mufasa, mimi Scar, na kochi ndilo bonde. Alikataa kabisa niitwe Taka. Nilimshika mkono nikamkalisha chini ya kochi nikamwambia asubiri hapo, asiondoke, nina jambo la kumshangaza, naye akaniitikia kwa utii, "Sawa, baba mdogo," kwa sauti ndogo iliyonifanya nisahau maneno yangu yanayofuata. Mambo yakaenda kama yanavyojulikana. Mdogo wake akaanguka, akalala kimya kwenye zulia, naye akamtikisa mara mbili, kisha akanigeukia na kupiga kelele za kweli: "Baba mdogo! Baba mdogo, umemuua baba!"

Mama yangu alikuwa ukumbini upande wa pili anachambua mchele. Nilisikia ungo ukiwekwa chini, kisha hatua zake za haraka kwenye korido, na akasimama mlangoni, mkono mmoja bado umefumba punje za mchele, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Baba mdogo yupi?" aliuliza.